RNA Ndefu na Mwanambuzi wa Bi Zuwena

Mzee Zablon wa Itetemia aliapa kwa kaburi la babu wa babu yake, aliyebeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo bila kubadilisha bega, kwamba atakayoyasema ni kweli tupu. Kisha akamfunga kamba mwanambuzi wa Bi Zuwena, akaanza kumvuta kwenda kwake.

Huo haukuwa wizi. Zuwena ni Mzaramo, Zablon Mnyamwezi, na utani wao ni wa tangu enzi za misafara. Mtani hujichukulia cha mwenzake, mradi atoe sababu ambayo majirani wataikubali. Akibainika mwongo, analipa kibuyu cha asali. Zablon alikuwa nacho kimoja tu, cha asali ya msitu wa Usinge, akikipenda kuliko pensheni.

Masolwa, balozi wa nyumba kumi, akamtaka aeleze.

Zablon, ambaye tangu astaafu reli husoma hata gazeti lililofungiwa maandazi, akaanza. Mnyama anyonyeshaye hurithi jeni kwa nakala mbili, ya baba na ya mama. Chache kati ya hizo hubeba alama ya zilikotoka, na nakala moja hunyamazishwa. Upande wa baba huamka RNA ndefu, isiyotengeneza protini hata chembe. Hujitandaza papo hapo na kuzifunga mdomo jeni jirani zenye kazi ya kumzuia mtoto asikue kupita kiasi. Basi unene wote wa mwanambuzi yule ni jasho la baba yake, beberu wa Zablon.

"Ndefu, haizalishi kitu, inanyamazisha majirani," Zuwena akasema. "Kumbe, mtani, umeandikwa vitabuni."

Watu wakacheka, lakini hoja wakaikubali. Zablon akakaza kamba.

"Hata mimi nimekubali," Zuwena akaendelea taratibu. "Unene ni wa baba, basi na ulafi ni wa baba."

Akamkumbusha balozi michembe yake ya viazi vitamu, iliyoliwa na mwanambuzi ikiwa imeanikwa juani, na Mektilda, mwimbaji wa Kanisa la Moraviani, joho lake la kwaya lililobaki kola tu. Wote wawili wakamgeukia Zablon, wakimdai fidia.

Mwanambuzi akaanza kuonekana ghali. Zablon akasema haraka kwamba beberu wake hahusiki kabisa: alimhasi mwaka juzi, kabla mimba ya huyu haijatungwa.

Masolwa akakohoa. "Sasa mzee wangu, hiyo RNA ilitoka wapi?"

Asali ikatoka uvunguni mwa kitanda. Zablon aliibeba mwenyewe kichwani hadi mlangoni kwa Zuwena, mwanambuzi akimfuata nyuma na kumtafuna shati kama mtoto wa kumzaa.