Ardhi Iliyoachwa Nyeupe Kwenye Ramani

Haya, sogeeni mnitegulie hiki. Nina shamba kubwa, halipaliliwi wala halimwagiliwi. Linakula jua kutwa nzima, na mavuno yake yanapita kwenye waya kwenda kwa watu wa mbali. Mmeshindwa? Basi msinipe mji, maana miji ndiyo inayoyala hayo mavuno. Ni shamba la sola, wanangu, na Dhapu alilijua tangu halijaota hata kioo kimoja.

Dhapu na mumewe Visaram walikuwa wafuga ngamia, huko ng'ambo ya bahari, kwenye jangwa la mchanga la Jaisalmer. Miezi ya joto, mchanga ukikauka usibakize jani, kundi lao lilipona kwa kitu kimoja tu: msitu wa Mata, mungu wao wa kike. Ndani mlikuwa na miti ya khejri na bwawa la maji ya mvua. Ngamia walikula majani wakanywa, lakini mtu hakukata hata kijiti cha kuchokonolea meno. Ukiingia, unavua viatu. Ndivyo walivyolelewa.

Siku moja akaja afisa mipango wa wilaya, akatandika ramani kwenye baraza ya shule. Mji ulipakwa kijani, vijiji njano. Msitu wa Mata uliachwa mweupe.

"Hapa peupe hapana kitu," akasema. "Tumepapangia umeme wa jua."

"Hapana kitu?" akadakia mzee mmoja. "Nenda ukapite peku, miiba ya hicho hapana-kitu itakusalimia!"

Watu wakacheka. Yule afisa naye akacheka, hakuwa mtu mbaya. Akatoa kalamu. "Basi niambieni, ardhi hii ni ya nani? Mwenyewe anyooshe mkono, niandike jina lake. Haitaguswa."

Visaram akasimama, lakini mkono hakuunyoosha.

"Ni ya Mata," akasema Visaram.

"Mata binti nani?"

"Mata tu, bwana mkubwa."

"Anaweza kuja kutia sahihi?"

"Ukimwona, mpake wewe wino kidoleni. Sisi hatuthubutu."

Wakacheka tena, lakini afisa sasa hakucheka. "Wazee wangu, mimi naandika mtu anayepumua. Ardhi ni ya nani?"

Dhapu alikuwa nyuma na wanawake, ushungi umemfunika uso. Wifi yake Gavri akamfinya. "Nyoosha wewe! Ngamia wenu ndio watakaokufa."

"Nyoosha mwenyewe, una mkono mrefu."

"Mimi? Nimwibie Mata mchana kweupe, nina wajukuu mimi!"

Na hapo ndipo palipokwama. Kusema "yangu" juu ya ardhi ya Mata ni wizi, tena wizi wa kumwibia anayekuona. Mkono wa Dhapu uliinuka ukafika gotini. Ukarudi. Afisa akangoja, akatazama kila uso uliokuwa wazi, kisha akaandika: ardhi tupu, haina mwenyewe.

Matingatinga yalikuja kabla ya mvua. Khejri zikang'olewa, bwawa likafukiwa, vioo vikapangwa mpaka macho yanachoka. Ukazungushwa uzio. Jioni taa za uzio zikiwaka, Dhapu alipika mikate ya uwele kwa kibatari, kwa sababu waya ule ulipita juu ya kijiji bila kushuka.

Ngamia ndio hawakuelewa. Kila asubuhi walikwenda kule kule, wakafuata uzio huku wakinusa. Walianza kuanguka, ndama kwanza.

"Baba Joga, tuwauze waliobaki," akasema Dhapu, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Nani atanunua mifupa?" Visaram akajibu, akageukia ukuta.

Alibaki Rohi, ngamia jike mwenye mimba. Siku moja Rohi akapiga magoti penye uzio, pale palipokuwa na njia ya bwawa, akalaza shingo mchangani. Dhapu akamvuta kamba, akambembeleza, akamtukana. Wapi! Macho yalikuwa yameshaanza kufunga ukungu.

Mlinzi akaja na rungu, mtu mzima, mgeni wa mikoa ya mashariki. "Mama, mwondoe mnyama wako. Wakubwa wanapita leo."

"Haondoki huyu."

"Mama, nitafukuzwa kazi. Hapa si kwako, ni ardhi ya watu."

Dhapu akaiachia kamba. Akavua viatu, akaviweka pembeni. Kisha akaufunua ushungi, mbele ya mwanamume asiyemjua, jua likampiga usoni. Akanyoosha mkono, safari hii mpaka juu kabisa, kwapa likaonekana, na akalitaja hata jina la mumewe, ambalo mke wa kwao halitamki maisha yake yote.

"Ni yangu," akasema. "Andika. Dhapu, mke wa Visaram. Ardhi hii ni yangu."