Flaski Kumi na Mbili Zilizobaki Kwenye Leja

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi wa maabara ya sekondari ya wasichana alikuwa akihamisha trei yenye flaski kumi na mbili zilizojaa maji. Flaski ni zile chupa za kioo zenye tumbo pana na shingo nyembamba, na shule haikuwa na nyingine. Trei iliteleza, flaski zikajibamiza mezani, na vioo vikamwagika hadi sakafuni. Maji hayakumwagika. Yalibaki yamesimama juu ya meza, mafungu kumi na mawili, kila moja na tumbo lake na shingo yake.

Fundi aliyatazama maji, akavitazama vioo, kisha akachukua ufagio. Vioo hukata watu, na maji yaliyosimama hayajawahi kumkata mtu.

Huyu fundi alikuwa mwanamke wa taratibu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiitunza leja ya vyombo kwa mwandiko usioyumba, na kitu kikivunjika alikijazia fomu siku ileile. Tangu mwaka uliopita fomu zilikuwa zimeongezeka. Serikali ilipiga marufuku kununua chombo chochote cha kioo chenye shingo bila kibali, kwa sababu watu wabaya walikuwa wakipikia dawa za kulevya humo. Watu wabaya wakahamia kwenye sufuria. Shule zikabaki na fomu.

Ili upewe kibali cha kununua kipya, sharti kwanza uthibitishe kwamba cha zamani kimevunjika. Fundi alijaza taarifa ya uvunjikaji, nakala tatu, akatia vipande kwenye boksi, akalifunga kwa gundi ya karatasi na kumkabidhi tarishi. Kufika saa sita mchana, boksi lilikuwa limeshafika ofisi ya vibali. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kuyashughulikia yale maji.

Alilishika la kwanza shingoni. Lilikuwa baridi na gumu. Alimimina maji kwenye sinki, na mkononi kikabaki kitu kisichoonekana lakini chenye uzito uleule wa flaski. Akatia maji mengine, yakakaa. Ili asizipoteze zikiwa tupu, alizifunga zote uzi mwekundu shingoni.

Mkuu wa shule alikuja, akaigusa moja kwa kidole, akaomba leja. Alisoma ukurasa mzima, akafunga.

"Kwenye leja zipo," alisema. "Mpaka taarifa ya uvunjikaji igongwe muhuri, hizi flaski ni nzima. Maji yanajua hilo."

Fundi aliona ni maelezo ya kutosha. Kilichomsumbua ni kingine. Mtihani wa vitendo wa kidato cha mwisho ulikuwa wiki mbili mbele, watahiniwa kumi na wawili, flaski moja kwa kila mmoja. Mmoja wao alikuwa binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na chuo cha ufamasia hakimpokei mtu asiye na alama za vitendo. Muhuri ukigongwa kabla ya mtihani, flaski hazitakuwepo tena, si kwenye leja wala mezani.

Mkuu alimwambia atulie. Mafaili ya ofisi ile hukaa miezi mitatu kabla hayajafunguliwa. Akae kimya tu, mtihani upite.

Lakini kukaa kimya hakukuwa kazi aliyoizoea. Siku tatu aliamka roho juu. Ya nne akavaa viatu vya kutokea, akaenda kuiondoa taarifa yake.

Afisa wa vibali alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Mezani kwake palikuwa na mihuri mitatu, na maji ya kunywa yaliyozungushiwa mpira wa kufungia noti, pengine ili wenzake wasiyachanganye na yao. Ndivyo fundi alivyodhani. Afisa alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaanza kuuliza. Je, flaski zinafanya kazi? Zinafanya. Basi hazijavunjika, na fundi ametoa taarifa ya uongo. Fundi akasema zimevunjika, vipande vimo kwenye boksi alilolituma. Basi zikiwa zimevunjika, anaondoaje taarifa ya kweli? Fundi akafikiri kidogo, akasema labda zimevunjika lakini bado. Afisa akaliandika hilo, akaliangalia, akalikata. Taarifa, alieleza, haiondolewi mpaka ijibiwe kwanza. Ikishajibiwa, yuko huru kabisa kuiondoa.

Fundi alitoka akiwa haelewi kama amekubaliwa au amekataliwa. Mlangoni afisa alimwita, akamuuliza jina la shule tena, na akamwambia asijali. Alisema hivyo kwa wema, na fundi akamshukuru. Njia nzima alijaribu kukumbuka alimshukuru kwa lipi.

Nyumbani binti aliuliza kulikoni. Fundi alimwambia kila kitu, na binti naye akachanganyikiwa, wakala wakiwa wamechanganyikiwa wote wawili.

Siku ya mtihani, msimamizi wa kutoka nje alipita meza kwa meza akihesabu. Alipozifikia flaski aliuliza uzi ni wa nini, akaambiwa ni wa kuonyesha shingo ilipo, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake. Saa tatu kamili wakaanza. Kazi ilikuwa kudondosha asidi tone kwa tone kwenye flaski yenye maji ya rangi ya waridi, mpaka tone moja liifute rangi. Hilo tone ndilo mtihani wenyewe. Anayelipita hawezi kurudi.

Binti alikuwa na mkono mtulivu. Fundi, amesimama karibu na sinki, alimwona akipunguza kasi, akisubiri, akiongeza moja, akitikisa. Waridi ilikuwa imebaki kidogo sana. Saa nne na dakika ishirini, flaski zote kumi na mbili zilimwagika kwa pamoja. Hakukuwa na sauti ya kuvunjika. Maji yalienea mezani, yakalowesha karatasi za majibu, na nyuzi nyekundu zikalala chini kumi na mbili.

Wasichana walibaki wameinua mikono. Binti alimtazama fundi.

"Mama mdogo," alisema, "lilikuwa limebaki tone moja."

Msimamizi aliangalia saa, akaandika kwamba watahiniwa hawakuwa na vyombo. Fundi alichukua tambara akafuta meza. Alilia huku akifuta, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Barua ilifika kesho yake. Uvunjikaji ulikuwa umekubaliwa. Kibali cha kununua nyingine kilikuwa kimekataliwa, kwa kuwa shule inayovunja flaski kumi na mbili kwa siku moja haiwezi kukabidhiwa kioo. Rufaa iliruhusiwa, iambatane na vyombo vinavyolalamikiwa.

Fundi alirudi kwa afisa siku hiyohiyo. Alimuuliza jambo moja tu: miezi mitatu imekuwaje wiki mbili?

"Nilikuharakishia," afisa alisema. "Watu hawaji wenyewe siku hizi. Wewe ulikuja. Faili lako nikaliweka juu, jana saa nne na ushee nikaligonga."

Alisema kwa fahari ndogo, kama mtu aliyekubebea mzigo. Kisha akavuta maji yake na kunywa. Fundi, aliyekaa karibu kuliko siku ile, aliona maji yakipanda kuelekea mdomoni bila kioo chochote kuyazunguka. Palikuwa na mpira tu, na vidole.

"Glasi yako ilivunjika lini?" alimuuliza.

"Mwaka juzi. Ilidondoka hapo mlangoni."

"Hukujaza fomu?"

"Nijaze ili iweje? Nitapata wapi nyingine?"

Fundi akamwomba amwazime hiyo glasi, siku moja tu, binti aombe kurudia mtihani. Haina shingo, lakini angejitahidi. Afisa alisikitika kweli, ilionekana usoni. Alisema asingekuwa na neno kama ingekuwa yake, lakini hii ni mali ya ofisi, ipo kwenye leja.

Alimaliza maji, akaiweka glasi mezani. Ilipokuwa tupu kilichoonekana ni ule mpira peke yake, umesimama hewani kidogo juu ya meza. Afisa akafungua droo, akatoa fomu ya rufaa, nakala tatu.

Fundi aliivuta karibu, akaisoma juu hadi chini, akaomba kalamu.