Kabati Tisa

Karani aliisoma fomu hadi mwisho, kisha akairudisha chini ya kioo kwa ncha ya kidole.

"Hii simu si yako."

"Ni ya duka letu," Istahil alisema. "Kabati tisa. Tuko nayo tangu sabini na nne."

"Hapa imeandikwa Ugas Muktar. Wewe ni Ugas?"

Wanaume wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Istahil hakugeuka. Hii ilikuwa siku ya tatu mfululizo anatoka mji wao mdogo wa Kabati kabla ya jua kuchomoza, na siku zote tatu binti yake Ebla hakwenda shule. Ebla alikaa dukani kando ya simu, kwenye kiti kilichosogezwa hadi ukutani, na aliambiwa hata akishikwa na haja avumilie.

"Ni mume wangu. Hayuko."

"Akirudi, aje na kitambulisho."

"Mmesema mwisho ni tarehe thelathini."

"Si mimi nimesema. Ni ofisi."

Karani huyo aliitwa Muli. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na hakuwa akimtukana mtu. Akamweleza upya, kama alivyomweleza jana. Kituo cha simu cha Kabati, kile chumba kidogo ambamo mama mmoja huunganisha nyaya kwa mkono, kingefungwa. Mtambo mpya ungefanya kazi peke yake. Kila mwenye simu angeletewa simu mpya ya kuzungusha namba, na angebaki na namba yake ya zamani, ila tu ingetanguliwa na tarakimu nyingine: tisa ingekuwa mbili mbili sifuri sifuri tisa. Mtu akiomba Kabati tisa kutoka kokote nchini, angepelekwa huko. Lakini mwenye simu lazima athibitishe mwenyewe. Asipothibitisha, namba inapewa mwingine.

"Na hiyo tisa imeshaombwa," Muli alisema. "Kuna mtu anafungua baa. Watu wanapenda namba fupi."

"Simu chukueni. Hata waya chukueni. Namba tu ndiyo nataka ibaki."

"Kwani namba ni mtoto, mama?"

Istahil aliivuta fomu kwake. Maneno ambayo angemjibu hayakuwa ya kusemewa dirishani.

Ugas alizaliwa jirani na Kabati, huko Matinyani, ambako baba yake alikuwa akinunua ngozi na mbuzi tangu enzi za Mwingereza. Alisema Kikamba kama watu wa hapo, na sokoni wazee walimtania kwa Kikamba wakasahau kwamba yeye ni Msomali. Lakini mwaka jana serikali ilianza kuwakagua Wasomali wote. Kitambulisho hakikutosha tena. Ilibidi mtu akae mbele ya jopo la wazee na maofisa, aulizwe ukoo wake na kisima cha babu yake, ndipo apewe kadi nyingine, ya pinki, ya kuonyesha kwamba ni Mkenya kweli. Istahil alipata yake. Siku ya Ugas mzee mmoja wa jopo hakufika, wakamwambia arudi mwezi ujao.

Hakungoja. Mbuzi hawangoji. Mwezi wa pili alipanda lori kwenda kununua mifugo upande wa Garissa, na lori likarudi bila yeye. Dereva alisema walisimamishwa kwenye kizuizi. Ofisa alikitazama kitambulisho cha Ugas, akakitia mfukoni mwake, akamwambia ashuke. Istahil alizunguka vituo vya polisi vitatu. Kila mahali waliangalia kitabu na kumwambia jina hilo halimo.

Siku ya tisa simu ililia.

"Istahil, niko hai," Ugas alisema kwa haraka. "Tumenyang'anywa kila kitu, hata viatu. Kuna askari mmoja anaturuhusu kupiga mara moja moja. Sina karatasi, nina hii namba tu kichwani. Usiondoke kwenye simu."

"Uko wapi?"

Waya ulikatika.

Alikimbilia kwenye chumba cha simu akiwa bila viatu. Mbula, mama aliyeunganisha nyaya, alikuwa ameshavua vile vya kusikilizia vya masikioni.

"Imetoka wapi hiyo, Mbula?"

"Imepitia kituo cha Mwingi. Huko nyuma sijui."

Wiki moja baadaye walikuja wanaume wawili wenye makoti wakachukua kitabu ambamo Mbula huandika simu za mbali. Hawakusema wametoka ofisi gani. Tangu siku hiyo Mbula alimsalimia Istahil kwa macho tu, mpaka Jumapili moja alipotoka kanisani akapitia mlango wa nyuma wa duka.

"Nikiwa hapo kwa kiti, mtu akisema Kabati tisa nitakuletea wewe, hata waandike ni ya nani," alisema. "Lakini mwisho wa mwezi mimi naenda nyumbani kulima. Hiyo mashine haijui mtu. Namba usiachilie, mwaitu, mama yangu."

Hayo yote Istahil hakumwambia Muli. Aliuliza tu, "Hakuna njia nyingine?"

Muli alifikiri, na ilionekana kweli anataka kumsaidia. "Ziko mbili. Ya kwanza, chifu aandike kwamba mume wako yuko hai, anajulikana aliko, na amekuruhusu. Ya pili, chifu aandike kwamba amekufa. Hapo namba inaingia kwa mjane. Hiyo ya pili haichukui hata siku mbili."

*

Chifu Kiema alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akauliza habari za mtoto, akasema duka lao limesaidia watu wengi wakati wa njaa. Mbuzi wawili walioletwa na Istahil, chifu alimwambia askari wake awafunge nyuma ya ofisi, na hakuwataja tena.

"Kusema yuko hai, siwezi," alisema. "Yuko hai wapi? Nikiandika najua aliko, kesho mkuu wa wilaya ataniuliza, Kiema, unaficha mtu aliyekimbia ukaguzi?"

"Hakukimbia. Walimshusha kwa lori."

"Nani alimshusha?"

"Serikali."

Kiema aliweka kalamu mezani. "Serikali ikishika mtu inaandika kwa kitabu. Umeniambia kwa kitabu hayuko. Kwa hivyo serikali haijamshika. Si ndiyo?"

Istahil aliangalia mikono yake.

"Nakuuliza, Mama Ebla. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa hii nyingine ni rahisi. Kusema mtu amekufa, hakuna atakayebisha." Alivuta karatasi yenye mhuri juu yake. "Alikufa lini?"

"Andika vile unaona."

"Mimi siwezi kubuni. Ni wewe useme, mimi niandike."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Istahil alisikiliza shoka likishuka mara tatu, nne.

"Mwezi wa tatu," alisema.

"Tarehe?"

"Kumi."

"Ugonjwa gani?"

Istahil aliutazama mhuri.

"Malaria ni nzuri," Kiema alisema. "Malaria haina maneno mengi." Aliandika pole pole, kwa mwandiko wa shule, kisha akaigeuza karatasi. "Weka sahihi hapo chini. Wewe ndiye shahidi."

Istahil alijua kusoma. Alisoma jina la mume wake, na neno lililowekwa mbele ya jina, na sentensi iliyosema kwamba mwili ulizikwa kwa taratibu za dini yake. Alitia sahihi. Njiani kurudi nyumbani aligundua kwamba alikuwa akitembea na kiganja kikiwa wazi, mbali na nguo, kana kwamba wino haujakauka.

Muli alipopelekewa barua alitimiza maneno yake. Kabla ya mwezi kwisha, mafundi walikuja Kabati wakatoa simu nyeusi ya zamani na kuweka nyingine ya kijivu, nyepesi, yenye duara la kuzungusha. Walipiga kujaribu. Mbili mbili sifuri sifuri tisa. Ikalia. Istahil akawapa chai, na walipoondoka akakaa kwenye kiti cha ukutani mpaka jioni.

Habari za barua hazikubaki ofisini. Siku ya nne wanawake wa kanisa la akina Mbula walifika na mahindi, maharagwe na majani ya chai, wakaketi kwenye magunia ya duka, wakainamisha vichwa. Mmoja wao aliomba sala ndefu kwa Kikamba kwa ajili ya mjane na yatima. Mbula alikuwa miongoni mwao na hakuinua uso. Istahil alipokea pole zao, mkono mmoja baada ya mwingine. Angeweza kusema nini? Mtu akisikia yuko hai, habari ingefika kwa Kiema kabla ya chai kupoa.

"Mama," Ebla alisema walipobaki wawili, "baba amekufa?"

"Ni karatasi tu."

"Na mbona ulilia?"

"Wageni wakilia na wewe unalia. Kaa hapo kwa simu, nikapike."

*

Simu ililia Jumatano, saa sita mchana. Ebla alikuwa akimpimia mteja sukari. Istahil aliruka meza.

"Hiyo ni mbili mbili sifuri sifuri tisa?" Ilikuwa sauti ya mwanamume asiyemjua, yenye adabu.

"Ndiyo."

"Naongea na mjane wa Ugas Muktar?"

"Naitwa Istahil."

"Mama, hapa tuna mtu. Hana kitambulisho, hana kadi ya pinki. Ametusumbua wiki nyingi, eti yeye ni Ugas Muktar wa Kabati, eti tupige namba fulani, bibi yake atasema. Mimi nikaonelea tumtendee haki. Nikauliza kwanza ofisi ya simu hiyo namba ni ya nani. Wakanisomea barua."

"Ni yeye," Istahil alisema. "Ni mume wangu, yuko hai. Mpe simu."

"Barua ina sahihi yako."

"Nilidanganya. Walisema namba itachukuliwa, na yeye hana namba nyingine. Chifu anajua. Uliza chifu."

"Chifu nimemuuliza asubuhi. Amesema alizika mwenyewe."

Mteja alikuwa amesimama na mfuko wa sukari mkononi. Nyuma ya sauti ile, mbali kidogo na simu, Istahil alimsikia mwanamume akizungumza Kikamba. Alitaja Matinyani, na jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, na mto ambamo alifundishwa kuogelea. Mtu mwingine akacheka na kumwambia aseme lugha yao.

"Huyo ndiye," Istahil alisema. "Namsikia. Nije nikamatwe mimi. Niambie ni wapi, nakuja leo. Mimi ndiye nimedanganya serikali."

"Sasa, mama," ile sauti ilisema, bila hasira, "aliyedanganya mwezi jana tutamwamini leo namna gani?" Karatasi zilifunuliwa. "Nimeandika hivi: raia wa nchi ya nje, anatumia jina la marehemu. Lori ya mpaka inaondoka saa nane. Pole kwa msiba."

Simu ikawekwa chini.

Istahil aliinua tena kile cha kusikilizia, akaita, "Mbula." Hakuna aliyeitika, kulikuwa na mlio mmoja tu, ulionyooka, usiokoma. Ebla alimuuliza ni nani. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini. Alitia kidole kwenye duara akazungusha, kwa kuwa lazima azungushe kitu, na namba pekee aliyoijua kwa moyo ilikuwa mbili, mbili, sifuri, sifuri, tisa. Alingoja. Mtambo ukamjibu kwa milio mifupi mifupi kwamba namba hiyo inatumika.