Nili ya Alhaja Sidikat

Daktari Morenike alimaliza kula barazani, akanawa mikono, akaingia maabara kuupima uvimbe uliotolewa kichwani mwa Alhaja Sidikat, mtia vitambaa rangi ya nili wa Abeokuta. Alitaka kujua jambo moja tu: uvimbe ni wa daraja la pili, wenye upole wake, au la nne, usiosubiri mtu. Jibu liko kwenye protini ambayo seli huwa nayo zinapogawanyika: seli zenye nayo zikijaa, daraja liko juu. Na protini hiyo haionekani bila dawa maalumu ya rangi. Dawa ilikuwa imeharibikia Lagos, kwenye jokofu lisilo na umeme, kama ile ya kabla yake.

Akaweka kioo chenye kipande cha uvimbe chini ya hadubini hivyo hivyo, bila dawa. Kipande kikamgeuzia mgongo.

"Hujamwamkia," alisema Ganiyu, fundi wa maabara, bila kuinua macho. "Yule mtu mzima, Daktari. Unamchungulia tu kama jirani mbea?"

Morenike aliona haya. Akapiga magoti sakafuni, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, Mama. Habari za kuamka? Watoto hawajambo? Na biashara?"

Kipande kilimwacha asubiri kidogo, maana Alhaja si mtu wa kubembelezeka haraka. Kisha seli zikaanza kujitia rangi zenyewe. Vitabu vinasema rangi hiyo ni kahawia. Hizi zilikuwa za nili, nili ile ile ya Alhaja isiyochuja, na zilijaa kioo kizima.

Kufikia mchana maabara yote ilikuwa imepiga magoti, kila mtu na kioo chake.

Wodini, Alhaja alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji.

"Nasikia umenipigia magoti."

"Ndiyo, Mama."

"Una adabu. Daraja la ngapi?"

"La nne."

"Nilijua. Mimi na kazi hafifu wapi na wapi! Haya, nipelekeni kwenye hiyo mionzi upesi."

Mashine ya mionzi ilikuwa moja, nayo ilikuwa imekufa tangu kabla ya mvua. Walimshusha kwa kiti cha magurudumu. Morenike akapiga magoti mbele ya mashine, Ganiyu akalala kifudifudi kama waamkiavyo wanaume wa kwao, wakaiamkia vizuri. Haikuwaka.

"Haikulelewa kwetu hii," alisema Ganiyu, akijipangusa vumbi kifuani.

"Mtaiamkia tena kesho," alisema Alhaja.

Kesho yake waliiamkia, na keshokutwa yake. Ijumaa Alhaja hakuweza tena kushuka, akawatuma waifikishie mashine salamu zake. Wakazifikisha.