Kufuli la Choo cha Wasichana

Mimi ni mpishi wa shule, na mpishi huona mambo ambayo walimu hawayaoni. Mwalimu anaangalia nyuso na madaftari. Mimi naangalia sahani na chupa, na wiki ile ya mwisho wa Machi chupa za wasichana zilikuwa zinarudi nyumbani zimejaa.

Kengele ya maji tulikuwa nayo. Saa nne, saa sita na saa nane inagongwa, masomo yanasimama, kila mtoto anakunywa. Huku kwetu Titlagarh jua la mwezi huo halina mchezo. Bati la jiko langu lilikuwa limepata moto mpaka nikawa napika nikiwa nimesimama nje ya mlango, mkono tu ndio uko ndani. Wavulana walikunywa hadi mashati yakalowa. Wasichana waligusisha chupa midomoni wakazirudisha chini. Maigizo matupu.

Nikamkamata Jhunu wa darasa la nane, mwenye ulimi kuliko wenzake wote.

"We Jhunu, unamdanganya nani?"

"Simdanganyi mtu, Mamdogo. Nimekunywa."

"Umekunywa hewa? Hebu geuza hiyo chupa nione."

Akaikumbatia kifuani. "Nikinywa nitakojoa wapi, Mamdogo? Kwenye sufuria lako?"

Mkono uliniwasha nimzabe kofi, kisha nikaona haya, maana alisema kweli. Choo cha wasichana kilikuwepo, kizuri, kina vigae vyeupe na ndoo mpya. Ila Mwalimu Mkuu, Bwana Dibakar, alikuwa amekitia kufuli mwezi mzima kisichafuke kabla mkaguzi hajaja. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Wavulana walikuwa na ukuta wa nyuma. Wasichana walikuwa na subira tu.

Nikamfuata ofisini. Dibakar si mtu mbaya, nisimsingizie. Anawahi kufika, hapigi watoto, na mchele wao hajawahi kuugusa. Tatizo lake ni kwamba anampenda mkaguzi kuliko mke wake.

"Mkuu, fungua choo. Wasichana hawanywi maji."

"Hawanywi vipi? Kengele inagongwa, naisikia mwenyewe."

"Kengele wanaisikia. Maji hawanywi."

"Dada Kuntala, mkaguzi anakuja Jumamosi. Wavumilie siku nne tu. Na wewe kaangalie dengu zako, nasikia harufu ya kuungua."

Siku nne, kwa jua lile! Lakini mkataba wangu husainiwa na mkono wake kila mwaka, nami nina watoto wawili nyumbani. Nikarudi jikoni. Dengu hazikuwa zimeungua hata kidogo, na mpaka leo ninajilaumu kwamba niliondoka pale kimya.

Kesho yake, saa nane, mwalimu Pramila alitoka kugonga kengele. Ndiye mwalimu mwanamke pekee shuleni kwetu, na kengele ya maji ilikuwa kazi yake, aliigonga huku akipaza sauti, "Kunyweni, wanangu, kunyweni!" Siku hiyo aligonga mara moja. Nikasubiri ya pili, haikuja. Badala yake nikasikia kishindo barazani.

Nilimkuta chini, ngozi yake ya moto, macho yamegeuka. Mimi nikamshika makwapani, Jhunu miguuni, tukamlaza kivulini upande wa kaskazini. Nikawatuma wavulana bombani. Tulimlowesha sari yote, tukamwekea vitambaa vya maji shingoni na makwapani, Jhunu akampepea kwa sahani ya bati bila kupumzika. Alipofumbua macho na kuweza kutaja jina lake, nikaanza kumpa maji yenye chumvi na sukari, funda moja moja.

Baada ya mafunda matatu akausukuma mkono wangu.

"Basi, Mamdogo, yatosha. Mpaka nifike kwangu ni mbali."

Kwanza sikumwelewa. Kisha nikamwelewa vizuri sana.

"Mwalimu, leo mara ya mwisho umekunywa maji saa ngapi?"

"Asubuhi. Nyumbani."

"Na jana?"

Akageuza uso ukutani. Choo cha walimu wanakitumia wanaume sita, na mlango wake hauna komeo. Huyu aliyekuwa akiwahimiza watoto wa watu wanywe, mwenyewe alikuwa anashinda na kiu kutwa nzima, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi.

Hasira zilinipanda nikasahau mkataba. Nikaingia jikoni, nikabeba jiwe la kusagia bizari, nikaenda chooni. Kufuli lilikuwa la bei rahisi. Mapigo mawili, likaanguka.

Dibakar akaja mbio. "Nani amevunja?"

"Mimi. Weka jingine, nitalivunja na hilo."

"Una wazimu? Mkaguzi akikuta kumechafuka nitamwambia nini?"

"Akikuta kumechafuka nitakuja kudeki mwenyewe. Lakini akikuta vigae vinang'aa, Mkuu, na akauliza hawa mabinti wanakojolea wapi, hapo ndipo utakapokosa la kumwambia."

"Nitakuandikia barua, Kuntala."

"Andika. Ukimaliza nenda kivulini ukamwone mwalimu wako."

Alikwenda. Pramila alijaribu kukaa, akashindwa. Mwalimu Mkuu alimtazama, jasho likimchuruzika, kisha akamgeukia Jhunu.

"Tangu lini hamnywi maji?"

Nilijua binti huyu hawezi kulipamba neno.

"Tangu ulipofunga, mwalimu."

Dibakar akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Hakumkaripia. Akaenda barazani, akaiokota nyundo ya kengele pale ilipomponyoka Pramila, akagonga kengele mwenyewe, kwa nguvu, mara nyingi kuliko kawaida. Sijui kama alikuwa anawaita watoto au anajiadhibu.

Wasichana wakanitazama mimi. Nikawaambia, "Kunyweni!" Wakanywa. Wakanywa vichwa vikiwa nyuma na macho yamefumbwa, na Pramila naye nikamwekea bilauri mdomoni, safari hii hakunisukuma.

Jhunu alimaliza wa kwanza. Akanikabidhi chupa tupu, akakimbilia chooni, akampita Mwalimu Mkuu pale barazani bila kumwomba ruhusa.