Panzi Asiye na Sauti

Binti yangu aliponiambia kuwa ndege yake haitapiga kelele, nilimwuliza, "Sasa watu watajuaje kama iko hai?" Akacheka tu. Yeye ni fundi umeme, na mafundi umeme wanapenda sana vitu visivyolalamika.

Ndege yenyewe ni kindege cha magurudumu matatu, kiko wazi pande zote, kina viti viwili vya kufuatana na bawa kubwa la kitambaa juu. Propela iko nyuma. Tunamwita Panzi. Marehemu mume wangu alimnunua akiwa chakavu, na injini ya petroli iliyokohoa kama mzee mwenye pumu. Mungu alimchukua kabla hajamtengeneza. Binti yetu akaing'oa injini, akaweka mota ya umeme na betri, na betri hizo zinachajiwa na sola zilizo juu ya paa la karakana. Mimi ni mshonaji wa maturubai, kwa hiyo bawa liko chini yangu. Haruki mtu kabla sijaupapasa mshono wote kwa vidole, huku nikiomba.

Panzi haendi mbali. Chaji yake inatosha kuzunguka mabonde yetu na kurudi, na binti yangu hushuka wakati betri bado ina akiba nzuri. Lakini kwa mwenye ng'ombe waliopotea, hiyo inatosha kabisa. Wafugaji walikuwa wanatuomba wapande wenyewe, maana kila mtu anawajua ng'ombe wake. Tatizo ni kwamba hatukuwa na kibali cha kubeba mtu wa pili. Bila kibali, Panzi ni mdoli. Na kampuni moja ya mbali sana ilikuwa imemwita binti yangu akavute nyaya huko. Alikuwa ameshaniambia: "Mama, mkaguzi wa ndege akikataa kutupa kibali, nakwenda." Nilijibu sawa, kisha nikaingia chumbani nikapiga magoti.

Sasa, kuhusu ule ukimya. Ufunguo wa Panzi ukishaingia, propela inakaa tuli kabisa, husikii hata mnong'ono. Lakini binti akigusa kishikio cha mwendo, inazunguka kabla hujapepesa macho. Jogoo wa shemeji yangu alipoteza mkia kwa namna hiyo. Tangu siku ile tukajiwekea utaratibu: ufunguo ukiingia, mimi naimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu, na sinyamazi mpaka ufunguo utoke. Majirani wote wakazoea. Mama akiimba, nyuma hapapitiki.

Mkaguzi akaja asubuhi, mtu mnene, mchangamfu, mkoba kwapani. Akashika kila nati, akauliza kila waya, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Binti yangu akaketi, akafunga mkanda, akatia ufunguo. Mimi nikaanza kuimba.

Kumbe mkaguzi naye ni mwanakwaya! Wimbo alikuwa anaujua. Akaidaka sauti ya besi palepale, akaanza kupiga makofi na kuyumba kuja upande wetu, kwa njia ya nyuma, moja kwa moja kwenye propela. Nikapandisha sauti kumwonya. Akadhani namkaribisha, naye akapandisha yake. Nikamwonyesha mkono arudi. Akanipungia wake. Binti yangu amekaa mbele, hamwoni.

"Wewe! Kaa hapo hapo!" Shemeji, aliyekuwa akitazama kando ya karakana, aliurukia mkanda wa suruali ya mkaguzi, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Ufunguo ukatoka. Wimbo ukakatika.

Mkaguzi akajipangusa taratibu. "Mama," akasema, "umeimba vizuri sana. Na ungeniua."

Nikamwokotea mkoba wake.

"Wimbo wenu unawalinda nyinyi mnaoujua. Mimi mgeni je? Mfugaji atakayeshuka hapa akiwa na haraka zake je?" Akafunga mkoba. Niliposikia zipu ile, niliona kama begi la safari la mwanangu liko tayari mlangoni.

Binti yangu hakubisha. "Umesema kweli," akamwambia. "Utanivumilia mpaka mchana?"

"Nitakunywa chai," mkaguzi akasema. "Nikimaliza chai, naondoka."

Nakiri kwamba nilimjazia kikombe kila alipogeuka.

Mwanangu aliingia karakana, akatoka na king'ora cha lori, kile kinacholia gari likirudi nyuma, pamoja na taa nyekundu. Akaviunganisha na ufunguo, kiasi kwamba ufunguo ukiingia tu, king'ora kinalia na taa inawaka huko huko nyuma. Halafu akaongeza swichi ya kushikiliwa na mkono wa kushoto. Ukiiachia ukiwa chini, mota haizunguki hata ukivuta kishikio.

"Mama, safari hii usiimbe," akaniambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

King'ora kikalia. Wakati huohuo mwanamke mmoja tusiyemjua alikuwa anakatisha uwanja, ndoo kichwani. Aliposikia, akasimama, akaitazama taa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akazunguka mbali. Hakuambiwa na mtu.

"Huyo," mkaguzi akasema, akiweka kikombe chini, "ndiye niliyekuwa namngoja. Haya. Sasa mpande na uzito kiti cha nyuma, mzime mota huko juu, mshuke bila mota. Mimi msiniangalie, najijua kilo zangu."

"Tuweke mifuko ya mchanga," akasema binti yangu.

Shemeji akanipima kwa macho. "Mchanga wa nini? Huyu hapa. Uzito ni uleule, tena mchanga hauombi."

"Shemeji, nitakushonea mdomo," nikamwambia. Lakini nilikuwa nimeshaanza kufunga kilemba. Nitamwambiaje mwenye ng'ombe akae pale ambapo mimi mzazi sikuthubutu kukaa?

Tukakimbia kwenye nyasi, nyasi zikatuachia. Nilifumba macho, nikamtaja Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Nilipoyafumbua, karakana ilikuwa ndogo kama kiberiti.

"Mama, nazima."

"Zima, mwanangu. Sisi ni wa Mungu."

Akazima. Nilingoja tuanguke. Hatukuanguka! Bawa lilishika upepo, nasi tukawa tunateremka polepole, kwa upana, na mimi nikausikia ulimwengu ukitoka chini. Mtoto analia, mtu anapiga nyundo. Jirani yangu alikuwa anamgombeza mumewe kuhusu viatu, neno kwa neno.

"Mwache avae anavyotaka!" nikapiga kelele.

Wakatazama kila upande isipokuwa juu. Binti yangu alicheka mpaka mabega yakatikisika, nami nikamfinya. "Cheka ukishafika chini!"

Alivuta kwake mtaimbo wa kuongozea ulioshuka kutoka kwenye bawa, mwendo ukaongezeka, nyasi zikatujia, akausukuma taratibu, na magurudumu yakagusa kama mtu anayelaza mtoto.

Mkaguzi akaandika kibali juu ya goti lake, akapiga muhuri. Binti yangu akashuka, akamwegemea Panzi, akatoa simu, akaipigia ile kampuni mbele yetu sote. "Nawashukuru sana," akasema, "lakini kazi ninayo hapa nyumbani." Kisha akaanza kuniuliza kitu, akashindwa, akaishia kunikumbatia shingoni tu.

Shemeji alikuwa ameshavaa helmeti. "Shemeji, shuka basi, zamu yangu."

"Subiri," nikamwambia, mkanda bado kifuani. "Bado nashukuru."