Kufuli la Ngazi za Nyuma

Tangu jengo la jirani liungue, mshonaji wa ghorofa ya tatu hakupata usingizi wa maana. Mama mkwe wake alikuwa amepooza miguu, na mlango wa ngazi za nyuma mwenye nyumba alikuwa ameutia kufuli, eti anaogopa wezi.

Jumamosi asubuhi mshonaji aliwakusanya wapangaji wajizoeze kutoka. Wanaume wawili walimfunga bibi kwenye kiti kwa shuka, wakaanza kumteremsha.

"Nibebeni kama mtu, mimi si gunia la viazi!" alifoka bibi, na ngazi nzima ikaangua kicheko. Kilikatika walipofika chini na kulikuta kufuli.

Mwenye nyumba akaja mbio. "Nani kawapa ruhusa? Asiyetaka masharti yangu ahame!"

"Hatuhami, mzee," alisema mshonaji. "Moto haupigi hodi. Ukija, utatufungulia wewe?"

Mshonaji akamgeukia fundi wa kuchomelea, mpangaji mwenzao. "Kaka, kata."

Cheche zikaruka, kufuli likaanguka. Mwenye nyumba akaapa kuleta jingine kubwa zaidi.

"Lete tu," alisema bibi kutoka kitini, "na hilo tutalikata."

Alileta kweli, na likakatwa mchana kweupe, wapangaji wote wakitazama. La tatu hakuthubutu. Fundi akafunga komeo la ndani ambalo hata mtoto analifungua, na mwizi wa nje halifikii.

Usiku ule mshonaji alilala fofofo.